Siku Kumi za Kuchunguza Akili ya Bibi Generoza

Wananchi wa Kasulo mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu saa nane mchana, kwa muda wa siku kumi, akili ya Bibi Generoza itachunguzwa rasmi ili ijulikane kama ndiyo inayonyesha mvua. Wenye nguo kambani watajijua.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, Januari 1995, kwa mwandiko wa Mwalimu Audax, aliyefundisha sayansi katika shule isiyo na hata kipimajoto.

Kisa kilianza na goti. Bibi Generoza alitoka Rwanda mwaka 1961 akiwa mke mchanga. Akalima, akazaa, akazika mume, na goti lake la kulia likazoea kuuma kila hewa ilipobadilika. Likiuma, anaanua maharage. Nusu saa baadaye, mvua. Majirani waliliona hilo miaka nenda miaka rudi, wakalishika mkiani: bibi akianua, mvua inanyesha, basi bibi ndiye anayeiita, tena kwa mawazo tu, maana mdomo hafungui.

Hakuna aliyekereka mpaka Mwenyekiti Malongo alipotamani kujenga gesti. Kambi ya Benaco ilikuwa imefurika wakimbizi kutoka Rwanda, na watu wa mashirika walikuwa wanatafuta vitanda hadi Lusahunga. Mtu mwenye subira angefyatua tofali Julai. Malongo alifyatua Desemba, na mvua ikazirudisha kuwa tope mara tatu. Kwao Geita, alisema, mvua ina wenyewe. Akaitisha mkutano, akapendekeza bibi apakiwe kwenye lori apelekwe kambini kwa wenzake, shamba lake libaki chini ya kijiji. Hao wenzake walikuwa wamefika juzijuzi. Yeye alikuwa analima Kasulo kabla Malongo hajaota meno.

Hapo ndipo Audax aliposimama, akaomba siku kumi za sayansi kabla ya lori.

Alitia punje kumi kwenye kopo la mafuta ya kupikia: tano mahindi meupe ya kwetu, tano ya njano ya msaada. Kila mchana aliokota moja bila kutazama. Ikitoka nyeupe, bibi akae kwenye kiti cha ofisi, saa nane hadi saa kumi, aite mvua kwa mawazo. Ikitoka ya njano, akae vilevile, awaze kitu kingine chochote. Malongo alikaa mbele yake kama shahidi, ujanja usije ukapita.

Mwenyekiti alitishika siku ya kwanza. Bibi alifumba macho, kichwa kikashuka polepole, midomo ikachezacheza, kisha sauti nzito ikatoka kooni.

"Unaona nguvu hiyo, Mwalimu?" Malongo alinong'ona, akirudisha kiti chake nyuma.

Kesho yake alikuja na mwavuli. Audax naye alikosa hamu ya kula, kwa sababu siku mbili za mwanzo zilitoka nyeupe, na zote mbili ilinyesha. Alijiona kama yeye mwenyewe ndiye anayempandisha bibi wa watu kwenye lori.

Siku ya kumi, baada ya saa kumi, hesabu ilisomwa mbele ya kijiji kizima. Punje nyeupe, mvua mara mbili. Punje za njano, mara tatu. Audax akaeleza, karibu acheze, kwamba mawingu hayana habari na mawazo ya mtu.

Malongo akanyanyuka taratibu. Hesabu hiyo, alisema, ndiyo inayommaliza bibi. Siku alizotakiwa kuita mvua alibana mawazo, siku alizotakiwa kuwaza mengine akayafungulia, ili aonekane hana kitu. Watu wakaguna, wakatikisa vichwa kukubali. Audax alipekua daftari lake mbele na nyuma.

Akamgeukia bibi, sauti imeshuka kama ya anayeomba radhi.

"Shikamoo, bibi. Hebu waambie watu ukweli. Pale kwenye kiti, siku zote hizo, ulikuwa unawaza nini hasa?"

"Marahaba. Sikuwaza kitu, Mwalimu. Siku zote kumi nililala. Mwenyekiti alinisikia nikikoroma."