Mashine Yetu Ilibeba Barafu

Hapa Morogoro, watu wakisikia tulikotoka hutupa pole kwanza, kisha hongera. Pole ya kukaa delta, hongera ya kutoka. "Mliwezaje kuishi kule, na matope yote yale na mbu?" mama mwenye nyumba aliniuliza siku tuliyohamia, akitufungulia vyumba viwili vyenye sakafu ya vigae. Nilikuwa nimechoka, mtoto amenilalia begani, nikatabasamu tu. Moyoni nilikuwa nachemka. Mbu nimezaliwa nao. Matope nilikuwa nikiyakanyaga kila siku na wala sikuwahi kuyalalamikia. Angekuwa na muda wa kusikiliza ningemwambia kwamba sisi delta hatukuichoka. Tulifukuzwa, na aliyetufukuza ni mtu mmoja mwenye shati lililopigwa pasi ambaye hata leo anaitwa mheshimiwa.

Nilikuwa muuguzi mkunga katika zahanati ya shirika moja, kwenye kijiji kilichozungukwa na mikoko, ambako hufiki ila kwa kupanda chombo kwenye bandari ya Nyamisati. Mwenyewe ni mtoto wa Kibiti mjini, wa pale barabarani yanapopita mabasi ya Lindi. Nilipopangiwa kwenda huko mama yangu alilia kana kwamba napelekwa jela. Mume wangu ni fundi seremala, na tulikuwa hatujamaliza hata mwaka tangu tuoane. Yeye hakusita. "Kule kuna mitumbwi na maboti kila nyumba," alisema, "mie nitakosa kazi?" Na kweli hakukosa. Muda si mrefu uwanja wetu ulijaa mitumbwi iliyopasuka, na kila asubuhi niliamshwa na sauti ya randa.

Kazi ile niliipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akizalisha wanawake wa kijiji kabla zahanati haijajengwa. Siku ya kwanza alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akawauliza wenzake, "Katoto haka ndiko katakakonizalishia wajukuu?" Alikaa barazani pangu siku hiyo, na siku iliyofuata, akinichunguza. Baadaye akaanza kuingia ndani. Yeye aliwashika wanawake mgongo na kuwabembeleza kwa Kindengereko, mimi nikafanya yaliyobaki. Msimu wa mpunga, wengi walikuwa wakihamia madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mashamba, na walipobanwa na uchungu waliletwa kwa mtumbwi, matope yamewafika magotini. Niliwaosha miguu kwanza. Mtoto akishalia, bibi yule hutoka nje kupiga vigelegele, na mimi hubaki peke yangu na mama na mtoto kwa dakika chache za utulivu. Kwa dakika hizo ningefanya kazi ile mpaka uzeeni.

Binti yetu alianza kutembea kwenye baraza ya zahanati. Neno lake la tatu, baada ya mama na baba, lilikuwa "pondo", ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

Zahanati ilikuwa na boti ya wagonjwa yenye mashine. Mwanamke akivuja damu, au mtoto akikataa kutoka, tulimlaza kwenye boti, mashine ikaunguruma, tukamfikisha Nyamisati angali hai, na kutoka hapo gari au pikipiki zilimkimbiza hospitali ya Mchukwi. Bila mashine unategemea maji. Maji yakipwa, mtumbwi unakaa kwenye tope, na mgonjwa anakaa humo humo.

Siku moja alikuja mratibu wa shirika letu, yule anayekaa ofisini Kibiti, akiwa na vijana wake. Wakaifungua mashine kutoka kwenye boti.

"Inakwenda matengenezo, sista," aliniambia. "Wiki moja tu."

Mume wangu alikuwa amesimama pale na msumeno mkononi. "Mbona haina ubovu, mheshimiwa? Juzi nimeziba mimi mwenyewe ule mpasuko wa kifuniko."

"Wewe si fundi wa mbao?" mratibu akajibu. "Basi baki na mbao zako."

Vijana wakacheka. Wakaondoka nayo.

Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nilipiga simu mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mtu asiyeona aibu. Mara yuko kikaoni, mara mtandao mbaya, mara vipuri vinatoka Dar es Salaam. Katika kungoja huko, mwanamke mmoja alijifungulia mtumbwini katikati ya mto, mimi nimepiga magoti kwenye maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi, na mtoto akatoka kimya na hakulia. Alikuwa mtoto wa kiume, mnene, mzuri. Nilimpigia simu mratibu siku hiyo hiyo, naye kwa mara ya kwanza akapokea.

"Poleni sana," akasema. "Ni kazi ya Mungu."

Kazi ya Mungu! Mungu ndiye aliyezifungua bolti za mashine? Nilitaka kumuuliza hivyo, lakini alishakata.

Kisha ikaja zamu yetu. Binti yetu aliamka na homa. Nikampima, ni malaria. Nikamchoma sindano niliyokuwa nikiwachoma watoto wa wenzangu, nikajituliza. Kufikia mchana viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi na alikuwa akihema kwa kasi, mbavu zinaingia na kutoka. Mtu mwingine angesema ni homa kali. Mimi nilijua ni damu imekwisha, na damu kwenye zahanati yangu haipo. Nikatazama nje. Maji yalikuwa yanapwa.

Mume wangu na jirani yetu walisukuma mtumbwi kwa pondo. Palipobaki tope tupu walishuka, wakauvuta, wamezama mapajani, na mimi nikabaki juu nikiwa nimemkumbatia mtoto na kumwita jina lake ili asilale. Kuna wakati mume wangu alianguka na uso wake ukazama topeni. Alipoinuka sikumwona macho.

Tulifika Nyamisati jua likiwa bado juu. Na pale bandarini, nyuma ya boti kubwa ya mfanyabiashara wa samaki na kamba, niliiona mashine yetu. Ilikuwa imewashwa. Vijana walikuwa wakipakia makasha ya barafu, wanataniana, wanaimba. Sikuamini macho yangu mpaka mume wangu aliposema kwa sauti ya chini, "Kiraka changu kile." Alikuwa anatazama kifuniko, pale alipoziba mpasuko. Barafu ilikuwa inasafirishwa upesi ili kamba wasiharibike.

Hatukuwa na nafasi ya kupiga kelele. Tulipanda pikipiki, mtoto katikati yetu. Mchukwi walitupokea vizuri, Mungu awabariki. Walimchukua mikononi mwangu bila kuuliza maswali mengi, wakampima, wakampima baba yake, na damu ya baba yake ndiyo iliyomwingia. Alipofumbua macho aliomba maji. Mume wangu alitoka nje, akakaa chini ukutani, akalia kwa sauti mbele za watu. Sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Mtoto alipopata nguvu nilimwacha na baba yake nikaenda Kibiti, moja kwa moja hadi ofisini. Mratibu alikuwa anakunywa chai.

"Sista! Karibu. Nimesikia mtoto anaendelea vizuri."

"Mashine yetu iko wapi?"

"Iko matengenezo, si nilikwambia?"

"Nimeiona Nyamisati. Inabeba barafu."

Hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Aliweka kikombe chini taratibu, akajifuta midomo. "Hayo ni majaribio. Mashine ikitengenezwa lazima ifanyiwe majaribio kabla ya kurudishwa."

"Majaribio ya kubeba barafu za watu?"

"Punguza jazba, sista. Mtoto si amepona? Mshukuru Mungu." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa mawaidha, "Na wale watu wa delta wamezaa miaka yote bila mashine. Wewe ndiye unayewadekeza."

Nikatoka nje, mimi ambaye nyumbani kwetu niliitwa kasuku. Nilipiga simu kwa wakubwa wake Dar es Salaam. Dada mmoja mwenye sauti tamu akaniambia malalamiko yangu yamepokelewa, na kwamba utaratibu unataka nianze kwa mratibu wangu.

Jioni, kwenye benchi la hospitali, mume wangu aliniambia, "Mie mwanangu sirudi naye kule."

"Na wale wanawake?"

"Wale wanawake nawajua wote. Nimewatengenezea vitanda na mitumbwi. Lakini nimemvuta mtoto wangu kwenye tope, mke wangu. Sitamvuta tena."

Nilimkasirikia. Nilimwambia anakimbia, anataka niwe mwanamke wa kuacha watu. Aliendelea kumpepea mtoto. Na kadiri nilivyomtazama ndivyo nilivyoona kwamba hasira yangu imepotea njia. Mtu mwingine ameiba mashine, halafu anayekaa kwenye benchi na kulazimika kuchagua kati ya mwanawe na wana wa wenzake ni mimi. Yeye anakunywa chai.

Kaka yake mume wangu ana karakana ya samani hapa Morogoro, alikuwa akimwita siku nyingi. Nikaacha kazi.

Tulirudi kijijini kuchukua vyombo tu. Wanawake walikuja na mchele, na nazi, na kuku aliyefungwa miguu. Walinishukuru, na kila shukrani ilinichoma. Bibi yule hakuja. Nilimfuata kwake, nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Nimekuja kuaga."

"Nimesikia."

Nilimpa mkono. Akautazama. "Sikupi mkono," akasema. "Mkono nitampa mtu anayekwenda kwa mapenzi yake. Wewe umesukumwa, nawe umekubali kusukumika."

"Nifanye nini, bibi? Mwanangu nusura afe."

"Najua. Ningekuwa wewe ningeondoka pia. Ndiyo maana nina hasira." Akaendelea kupepeta. Nikaondoka, na sikugeuka kwa sababu nilikuwa nalia.

Basi tukawa watu wa Morogoro. Mume wangu anatengeneza makabati ya jikoni na vitanda vyenye maua ya kuchonga. Anasema mbao za hapa ni nzuri. Hasemi kama kazi ni nzuri. Mimi nilipata nafasi kwenye duka la dawa karibu na stendi. Nasimama nyuma ya kaunta, nauza dawa za kikohozi na za minyoo na mafuta ya watoto. Ni kazi ya halali na siidharau, lakini hakuna anayetoka pale akipigiwa vigelegele. Binti yetu ameanza shule ya awali. Amenenepa, hana homa. Kila nikimwona anakimbia na viatu vyake vyeupe nafurahi, kisha nakasirika, kwa sababu afya yake ni kitu ambacho angeweza kuwa nacho kule kule alikoanzia kutembea.

Miezi michache baadaye jirani yetu wa zamani, yule aliyesukuma mtumbwi, alinipigia simu akicheka hadi anakohoa. Bibi yule alikuwa amewakusanya wanawake, wenye mimba na wenye watoto mgongoni, wakapanda mitumbwi hadi Nyamisati, wakachanga nauli, wakaenda Kibiti, wakakaa kwenye uwanja wa ofisi ya mratibu. Hawakupiga kelele. Walitandika kanga, wakanyonyesha watoto, wakapika uji. Mratibu alitorokea mlango wa nyuma. Kesho yake walikuwepo bado, na watu wa mjini wakaanza kuja kuuliza, na wengine wakaja na simu zao wanapiga picha. Hapo ndipo wale wakubwa wa Dar es Salaam walipopata gari la kuja. Mashine ikarudi, na kiraka cha mume wangu kikiwa juu yake.

"Na mratibu?" nikauliza.

"Amehamishiwa ofisi nyingine. Nasikia ni kubwa zaidi."

Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Lakini nilipokata simu nilikuta nimeibana mpaka vidole vinauma. Kwa nini mwanamke mwenye mimba ya miezi minane alale kwenye uwanja wa ofisi ili arudishiwe kitu kilichokuwa chake? Kwa nini ilikuwa lazima mimi niondoke, mtoto yule afe, ndipo gari lipatikane? Niliwaandikia shirika kuomba nirudi, bila hata kumwambia mume wangu kwanza. Wakajibu kwamba nafasi imeshajazwa na wakanitakia kila la heri. Baadaye nilimweleza mume wangu. "Ungekwenda peke yako?" akauliza. Hakuniuliza tena.

Aliyejaza nafasi ni binti mdogo aliyetoka chuoni. Wiki iliyopita alinipigia nikiwa kazini. Alijitambulisha kwa adabu, akasema namba yangu amepewa na bibi. Kuna mwanamke anayeishi ng'ambo ya mto, mimba yake ya nne, anakataa kuja kupimwa, na bibi amesema mimi ndiye ninayemjua. Namjua. Mara ya mwisho alivuja damu sana na hapendi watu wakumbuke. Nikaanza kumweleza yule binti namna ya kumwendea, aanze na habari za mama mkwe wake, asitaje hospitali siku ya kwanza. Mbele yangu mteja alikuwa anagonga kaunta kwa sarafu akitaka dawa ya kikohozi, na mwenye duka amenikazia macho. Nikawaambia wasubiri. Nikaendelea kumweleza, polepole, mpaka nikamaliza.