Nilimwacha Salvator ashuku mikono yake

Aliyeharibu ni mimi, si Salvator. Naandika kwa sababu hapa Bujumbura bado wapo wanaosema ni yeye, na mimi nimekaa nao, nikawasikia, nikanyamaza. Nimenyamaza vya kutosha!

Salvator na mimi tulimaliza shule ya sekondari pamoja, na masomo yakaishia hapo kwa wote wawili. Yeye alishika chuma cha kuchomea risasi, ile inayounganisha nyaya, akafungua karakana ndogo ya vifaa vya umeme kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Mimi nilishika njia. Kigoma, Kalemie, Kampala. Huko Kampala ndiko nilikojifunza kompyuta, kwa watu na kwa mtandao, hadi nikaweza kugusa kerneli, ule moyo wa mfumo unaoamka kwanza mashine ikiwashwa na kuamuru vingine vyote. Lakini kila mji niliofika, niliulilia ule niliotoka. Ndivyo nilivyo.

Niliporudi nyumbani, Salvator alinionyesha kisanduku alichokuwa anakitengeneza. Kazi yake ilikuwa kusimamia vyumba vya baridi: kinapima baridi, kinawasha mtambo, kinauzima. Shida ni kwamba prosesa, zile chipu zinazofanya hesabu zote, alizozizoea zilikuwa hazipatikani tena. Alizopata zilikuwa za aina mpya kabisa, na kerneli yetu haikuzijua. Ilibidi mtu aifundishe kila kitu upya: namna ya kuhesabu wakati kwenye prosesa ile, kugawa kumbukumbu, kusikiliza nyaya.

"Mi nitaifundisha," nikamwambia.

"We? Bibi yangu anasema miguu yako ilizaliwa mbele ya kichwa. Utamaliza kweli?"

"Nitamaliza, muzee."

Na nilifanya kazi, jamani! Siku maandishi ya kwanza yalipotokea kwenye kioo, Salvator alinibeba mgongoni akazunguka nami karakana nzima. Mke wake, Goreth, akatuletea brosheti za nyama na ndizi za kuchoma, akicheka mpaka machozi. Sijawahi kupendwa hivyo.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Ndani ya prosesa kuna saa ndogo ya ulinzi: mashine ikiganda, saa hiyo inaiwasha upya. Kuiamsha saa ile kulinishinda. Sasa sisi wa kazi hii tuna tabia yetu. Kipande kinachokusumbua unakiacha kitupu, unakiandikia tu kijibu "tayari", ili kerneli ipite, iendelee kuamka. Utarudi kukijaza. Kila mtu anafanya hivyo.

Mimi sikurudi. Miguu ilikuwa imeanza kuwasha, nilikuwa nimeikumbuka Kalemie. Nikamwambia Salvator kila kitu kimekwisha, nikaondoka.

Kisanduku kikafungwa kwa Mama Swaumu, mwenye biashara ya samaki karibu na bandari. Kikafanya kazi vizuri, kisha kikaganda. Hakuna kilichokiamsha. Kioo kikabaki kinaonyesha baridi ileile nzuri ya jana, na huko ndani samaki wake, mukeke wa ziwani, wanaoza!

Salvator akanipigia simu. "Ndugu yangu, imeganda, na haikujiwasha. Ile saa ya ulinzi iko?"

Hapo. Hapo ndipo nilipopaswa kusema!

"Soma yale maandishi ya kuwasha," nikamjibu.

Nikamsikia anasoma polepole. "Hapa inasema saa ya ulinzi tayari."

"Basi si kerneli. Angalia solda zako, ile risasi uliyochomea."

"Zangu?"

"Mikono inachoka, Salva."

Aliyonisomea yalikuwa maneno yangu mwenyewe, uongo nilioandika kwa mkono wangu, nami nikautumia kama shahidi dhidi yake.

Akafungua, akachomea upya. Kikaganda tena. Samaki wakaoza tena. Mama Swaumu akamwambia mbele ya wachuuzi wote: "Salvator, we ni mutu muzuri, wallahi. Lakini hiki kitu chako kinanimaliza. Kiondoe." Wateja wengine wakasikia. Goreth alinisimulia baadaye kwamba mume wake alikuwa anashinda na lensi jichoni, anatafuta kosa kwenye vitone vya risasi visivyo na kosa lolote. Karakana ikafungwa.

Mwaka huu nimerudi. Nilimkuta Salvator mtaa wa Nyakabiga, ana kiduka cha sabuni na vocha. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Hakupiga kelele. Aliangalia mikono yake, akaigeuza.

"Kumbe ilikuwa mizima?"

"Si nilikuambia!" Goreth akasema kutoka ndani, kisha akaanza kulia.

"Kwa nini hukusema siku ile nilipokupigia?" Salvator akaniuliza. "Ningekukasirikia wiki moja, halafu tungetengeneza."

Wiki moja! Nilikuwa nimekimbia hasira ya wiki moja.

Kile kipande nimekijaza. Mistari michache tu, Mungu wangu, asubuhi moja ilitosha. Sasa kisanduku kikiganda kinajiwasha chenyewe. Nilimpelekea akione, nikampelekea na chuma cha kuchomea. Alikishika, akanirudishia.

"Apana. Mi nikigusa hii, nasikia harufu ya samaki."

Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote: "Na we, unaenda lini tena?"

Begi langu lilikuwa limeshafungwa tangu asubuhi.

Ninyi wa kazi hii, na ninyi wa kazi nyingine yoyote, nawasihi: kitu ambacho hujakifanya kisijibu "tayari". Kiandikie "sijafanya". Mashine ikatae kuwaka mbele ya watu, wakucheke! Na kama umeshadanganya, simu ya kwanza ikilia, sema hapohapo, kabla mwenzako hajaanza kuitazama mikono yake.