Nyundo za Upande wa A

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana hapa mtaani kwetu Buyenzi mkiusikia kwa wengine watauongezea chumvi. Nikiwa na miaka kumi nilifuta kaseti. Hadi leo fundi akipiga nyundo kwenye bati la gari naacha kisu nitege sikio, hata kama niko jikoni namenya ndizi. Na jikoni ndiko niliko karibu siku zote. Wenzangu wametembea dunia. Safari yangu ndefu ni kutoka uani hadi kwenye bomba la maji, na nikirudi nalalamika miguu.

Kaseti ilikuwa ya Yaya Hamisi, kaka yangu mkubwa. Leo anajulikana: alitangaza habari za rapu miaka na miaka, kisha akaingia kwenye filamu, na wageni huja kuniuliza alianzaje, kana kwamba mimi ni jumba la makumbusho. Alianza na radiokaseti yenye mlango uliofungwa kwa mpira, aliyoizungushia kitenge cha mama, kwa sababu miaka ile ya vita vya wenyewe kwa wenyewe mtu aliyebeba kitu chenye waya njiani aliulizwa maswali mengi. Alizunguka garaji moja hadi nyingine akiwahoji vijana wanaorapu. Mama alisema anamaliza betri. Baba alisema betri zingeisha kwanza kabla ya upuuzi wake.

Aliyempenda kuliko wote ni Sudi, mtoto wa jirani yetu Mama Zubeda, kijana wa miaka ishirini aliyenyoosha bati za magari. Sudi alirapu huku akigonga, na mafundi wenzake wakimjibu kwa nyundo zao. Hakuwa na ngoma nyingine. Akinikuta mlangoni alinishika kisogo na kukikagua: "We mutoto, kichwa hii inataka kunyoroshwa. Lete kesho garaji, nitakuwekea na rangi!"

Hamisi alimhoji pale pale garajini, kaseti nzima, pande zote mbili. Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa amemwambia ailete, ikimpendeza ataipitisha hewani. Ingekuwa kazi yake ya kwanza. Akavunja vile vimeno viwili vya nyuma ya kaseti ili isirekodiwe tena, akaiweka juu ya kabati asubiri Jumatatu.

Sasa mjue desturi yetu. Bibi, mama yake mama, alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, nyumba yake ya Gasenyi ilipoungua vitani. Kusoma hakujua, kwa hiyo tulimtumia kaseti za salamu: kila mtu anasema lake, msafiri anavuka nayo mpaka, Bibi anajibu upande wa pili, inarudi. Asubuhi moja mama mmoja Mkongo, muuza vitenge, alipita akasema anaondoka adhuhuri. Mama akanituma nitafute kaseti yetu. Sikuiona. Nikapanda kiti, nikakuta ile ya Hamisi.

Msinidharau kabisa, niliisikiliza kwanza. Nikasikia nyundo. Nikangoja. Nyundo tu. Lakini Buyenzi nyundo ndiyo kimya chetu. Mchana ukitega sikio popote unasikia hizo hizo. Nikaamua Yaya alisahau kuzima mashine, kaseti ni tupu. Nikatafuna karatasi ya daftari, nikaziba vishimo vyote viwili kama watoto wote walivyojua kufanya, nikairudisha mwanzo. Nilimsalimu Bibi, nikamtajia kuku wetu mmoja mmoja kwa majina, nikamsomea shairi refu la shule la Kifaransa ambalo hata mimi sikulielewa. Mama akasema yake, shangazi akasema yake, na shangazi hajui kufupisha. Msafiri akaondoka.

Siku mbili baadaye, kabla hata ya hiyo Jumatatu, Sudi alipanda minibasi kwenda kumwona mgonjwa milimani. Minibasi ilipigwa risasi njiani. Ni akina nani waliopiga, kila mtaa ulikuwa na jibu lake. Walimrudisha ndani ya turubai, na garaji zote zikasimamisha kazi. Hapo ndipo nilipojua kimya chenyewe kikoje.

Baada ya mazishi Mama Zubeda alikuja kwetu, akakaa mkekani, akamwambia Hamisi, "Wanasema iko na sauti ya mutoto wangu. Picha yake mi sina hata moja. Niwekee nisikie."

Hamisi alipanda kiti akapapasa juu ya kabati. Akapapasa tena. Alipogeuka aliniona nimejikunyata kwenye pazia, na uso wangu ulimwambia kila kitu. Akashuka polepole.

"Nimeiazimisha, mama," alisema. "Itarudi."

Mpaka ulifungwa wiki sita. Kila siku Mama Zubeda alisimama mlangoni, hasalimii, anauliza tu: "Imerudi?"

Ilirudi. Tukakaa watatu, Hamisi akabonyeza. Ikatoka sauti yangu. Jogoo, matetea, vifaranga. Halafu shairi, ubeti kwa ubeti. Nilitamani nimeze ulimi wangu. Mama Zubeda hakutikisika. Sauti ya mama yangu ikapita, ya shangazi ikapita, kisha nyundo zikaingia ghafla, na Mama Zubeda akainua kidole. "Ile nyepesi," alinong'ona. "Ile ni yeye."

Ikaja sauti ya Hamisi: "Sudi, vita ikiisha, we utafanya nini?"

Tulimsikia Sudi akivuta pumzi, kama mtu anayetaka kucheka kabla ya kujibu. Halafu tak. Upande umekwisha. Hamisi akaigeuza kaseti, na upande wa pili Bibi akatuamkia: "Asalaam aleikum, wajukuu zangu." Bibi alikuwa na mengi siku hiyo. Aliongea hadi utepe ukaisha.

"Ni mi niliyemupa mutoto, mama," Hamisi alisema. "Sikuangalia." Nami, mwenye maneno mengi ya kuku, nikamwacha abebe lawama.

Habari ilifika garajini kabla ya jioni. Vijana wakaacha kumpa Hamisi sauti zao: "Usiongee na ule, atakupoteza." Ikambidi atembee kwa miguu hadi mtaa wa Ngagara, ambako miaka ile mtu wa kwetu hakuingia hivi hivi, atafute warapu wasiomjua. Mwaka mzima. Tangu hapo alirekodi kila kitu mara mbili na kuficha nakala kwa watu tofauti. Wanaandika kwamba alipenda sinema tangu utotoni. Si kweli. Alishika kamera kwa sababu hakuamini tena sauti peke yake.

Kwa miaka mingi nilidhani alinikinga na fimbo. Nilipozaa ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anamkinga Mama Zubeda. Mimi alikutana nami bombani kila asubuhi, mtoto wa jirani mwenye ndoo. Angeishi vipi akiniona? Kijana mkubwa kama Hamisi, Mama Zubeda angeweza kumkwepa, na akamkwepa kweli. Hamisi alikubali kuchukiwa, akajitafutia kazi kwa njia ya mbali.

Mwaka jana filamu yake kuhusu vijana wa garaji ilionyeshwa hapa mtaani mchana. Kesho yake nilijikaza nikaenda kwa Mama Zubeda, siku hizi amevimba miguu, nikampelekea sahani ya ndizi na samaki. Nikaungama yote: kiti, karatasi, vishimo. Nililia vizuri sana, maana kilio hicho nilikuwa nakiandaa tangu shule ya msingi. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyemmaliza Sudi, kwamba bila mimi angekuwa bado yupo. Yeye aliendelea kula. Akatoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani, akaniangalia.

"Sauti yako ndiyo ilikuwa mule, nilijua siku ile ile," alisema. "Mutoto wangu aliuliwa na watu wa bunduki. We ulifuta kaseti. Acha kujikuza mu kifo yake."