Gari Jeupe Nililoendea Posa

Nilikwenda Kampala kumposea mdogo wangu mke. Baba yetu hakuweza tena safari ndefu, na wajomba walikataa katakata, kwa sababu wakati ule wanajeshi ndio walioshika nchi na habari zilizotufikia Mombasa hazikuwa za kumfanya mtu afunge mizigo. Mimi ni fundi saa. Macho yalikuwa yameniuma karibu miezi miwili, daktari akanikataza kazi na kuniamuru nisivue miwani myeusi mchana. Wazee wakaona kwamba sina shughuli. Nikatumwa.

Binti mwenyewe nilikuwa sijamwona. Alikuwa amekaa Mombasa kwa shangazi yake, ndipo mdogo wangu alipompenda, kisha binti akarudi kwao Kyebando, mtaa wa Kampala. Tuliandika barua mbili kwa baba yake na hatukupata jibu.

Nikakodi gari ili nisiende ukweni na vumbi miguuni. Lilikuwa jeupe, refu, la fundi mmoja wa Katwe aliyekuwa na kibanda katikati ya wagonga mabati. Alipiga boneti kofi, akaniambia, "Gari hii, ssebo, bwana yangu, hakuna mutu atasimamisha wewe. Kwere! Barabara yote yako." Nilidhani anasifu injini.

Basi nikaanza kuendesha, na sijapata kuona watu wenye adabu kama wale. Petroli ilikuwa adimu, foleni ya magari imezunguka hadi nyuma ya soko, lakini nilipojipanga mwisho tu, mhudumu akaja mbio akinipungia mikono nipite mbele. Hakuna dereva hata mmoja aliyenung'unika. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliinua kamba kabla sijafika, akasimama wima na kunipigia saluti. Nami, kwa kuwa nimelelewa, nikamwitikia kwa mkono na kumwambia, "Ahsante, mwanangu."

Mchana njaa ikanishika, nikaegesha mbele ya mkahawa wa Kabalagala. Nilipoingia na kusema, "Hamjambo nyote?" kwa Kiswahili changu cha pwani, wote waliitikia kwa sauti ndogo. Nilipomaliza kunawa mikono, nikageuka na kukuta meza zote ni tupu. Bwana mmoja alikuwa ameacha mguu wa kuku mzima kwenye sahani. Mwenye mkahawa alinihudumia mwenyewe, tena akanisihi nichukue na nyama nyingine nikale njiani. Nikajisemea moyoni kwamba watu wa nyumbani wanawasingizia hawa. Mji wa ukarimu ulioje!

Nikashika njia ya Kyebando nikiwa nimeshiba na kuridhika. Mtaani nikauliza nyumba ya yule mzee, karani mstaafu. Mama muuza ndizi alinionyesha kwa kidole, kisha akazikusanya ndizi zake na kuondoka.

Nilipiga hodi. Mzee akafungua mlango mwenyewe. Jua lilikuwa kali, lakini alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na mkononi alishika mfuko wenye mswaki, msala na blanketi. Nyuma yake mkewe alikuwa akilia kimyakimya.

"Niko tayari," akasema mzee.

Nilifurahi sana. Kumbe barua zilifika! "Alhamdulillahi, mzee wangu," nikamjibu. "Hata hivyo, sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya binti."

Mama alipiga ukelele ambao hadi leo nikiukumbuka nywele hunisimama. Mzee aliangusha mfuko, akasimama kati yangu na mlango wa ndani, mikono ameitanua. "Nichukue mimi," akasema. "Mtoto huyu hajui lolote. Nakuomba, bwana mkubwa, nichukue mimi."

Hapo ndipo nilipoona kwamba hatuzungumzi jambo moja. Nikavua miwani. Macho yangu mekundu yakaanza kububujika machozi juani, na yule mama akanyamaza kwa mshangao, maana nadhani hakuwahi kusikia kwamba watu wa namna ile nao hulia.

"Mzee, nimekuja kuposa," nikasema. "Mdogo wangu. Mombasa. Tuliandika barua."

Pazia likasogea na binti akachungulia. Aliniangalia mara moja tu. "Baba, huyu ni ndugu yake! Hebu tazama hiyo pua!"

Mama akaketi chini palepale kizingitini, akaanza kucheka huku bado analia. Mzee hakucheka. Alinitazama mimi, akalitazama gari, akanitazama tena. "Wewe kijana," akasema, "una akili timamu? Gari la aina hiyo, namba za aina hiyo, miwani hiyo, na Kiswahili, lugha ya wanajeshi? Hapa kwetu wanaokuja hivyo ni makachero wa serikali, huja kuondoka na mtu, na mtu huyo harudi!"

Nikawakumbuka wale wa mkahawani, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Nilimshika mzee mikono, nikamwomba radhi mara nyingi kiasi kwamba aliniamuru ninyamaze.

Nililipeleka gari nyuma ya nyumba, tukalifunika kwa majani ya migomba. Kisha mzee akavua sweta zote mbili, akaagiza chai, na akanihoji mpaka jua likakaribia kuzama: mdogo wangu anasali? Anafanya kazi gani? Amepata kumpiga mtu? Mama yetu ni mkali? Kila jibu alilitilia shaka. Alikataa posa mara mbili, ya tatu akasema atafikiria, na mkewe akamkumbusha kwamba saa chache zilizopita alikuwa tayari kuutoa uhai wake bila masharti yoyote.

"Uhai ni wangu," mzee akajibu. "Binti ni jambo jingine."

Alikubali siku ya tatu, nilipokwenda kwa miguu, vumbi hadi magotini. Harusi tuliifanyia Mombasa. Mzee alikuja na mkewe na mizigo yao yote, wakakaa nasi hadi wanajeshi walipong'oka.