Kisandawe cha Shambani

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, bibi yangu alipoteza Kiswahili. Tulikuwa uani kwangu, Chang'ombe, naye alikuwa akipepeta mlenda mkavu kwenye ungo. Mke wangu alimuuliza kama aongezewe chai. Bibi akafungua mdomo kujibu, na kilichotoka kilikuwa Kisandawe, kirefu, cha haraka, chenye vile vidoko vya ulimi. Ungo ulikuwa umeshamponyoka. Hospitali daktari alisema ni kiharusi, na kwamba lugha aliyojifunza ukubwani huenda imekwenda, ila ile ya utotoni imebaki. Alitueleza kama mtu anayetuliza.

Ili uelewe kwa nini sikutulia, rafiki yangu, lazima nikupeleke Chemba, kwenye shamba la uwele.

Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa mtu mwingine: ndani ya ua wetu, Kiswahili, shambani, Kisandawe. Mwalimu alikuwa amewaambia wazazi kwamba mtoto anayevunja karanga mdomoni, yaani anayepiga vidoko, hatafika mbali, na bibi alitaka nifike mbali. Lakini uwele ulipoanza kukomaa tulihamia dunguni, jukwaa la miti katikati ya shamba, kuamia ndege. Huko ulimi wake ulifunguka. Nilipokea jina la kila ndege, la kila upepo, la punje ikiwa bado maziwa na ikiwa imekauka. Tulikula njugu mawe za kuchemsha zilizofungwa kwenye kitambaa, tukagonga debe, tukarusha madongo kwa kombeo. Nikikosa, bibi alicheka na kuwaambia ndege, kwa Kisandawe, kana kwamba ni lugha yao pia, kwamba wasiwe na wasiwasi, leo mlinzi ni mimi.

Mavuno yakiisha, lugha ilifungwa mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo Kisandawe changu kiliishia kwenye mpaka wa shamba. Ndoa, ugonjwa, kifo, majuto, vyote nilivisikia ndani ya ua, kwa Kiswahili.

Ukubwani nikawa fundi wa pampu za maji, na jioni msomaji. Sikusoma sana shuleni, basi nimejisomesha. Kwa miaka mingi nimelinganisha lugha mbili za mbali, Kimaori cha visiwani na Kikechua cha milima ya Andes. Kimaori huishia kwenye vokali kila silabi, kama Kiswahili, hata ukikisoma bila kukijua ulimi hauchoki. Kikechua hubandika vipande nyuma ya neno mpaka neno moja libebe sentensi, sisi tunavibandika zaidi mbele. Vyote viwili vina "sisi" ya aina mbili, moja inayomhesabu unayesema naye na moja inayomwacha nje. Lakini kilichonishika ni jinsi lugha hizo zilivyoishi. Kimaori kilibaki na wasemaji wachache, wengi wao wazee, ndipo wazee wakaanza kulea watoto wadogo ndani ya lugha hiyo, nayo ikapata pumzi. Kikechua kina mamilioni ya wasemaji, hata hivyo akina mama wengi wakihamia mjini huacha kukisema mbele ya watoto wao. Wingi wa watu haukutosha kuilinda lugha. Kilichoamua ni nani anamsemesha mtoto.

Nilimweleza bibi hayo siku moja, watoto wangu wakiwa wamekaa karibu naye.

"Hao mabibi wa visiwani," akauliza, "walilipwa?"

"Wengi walijitolea tu, bibi."

"Basi hawakuwa na mashamba. Na hao wa milimani, kwa nini wanaficha?"

"Wanataka watoto wao wafike mbali."

"Wana akili," akasema bibi. "Wewe ulitaka nikulee upige kidoko, leo uwe unafukuza ndege Chemba?"

Watoto wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Baada ya kiharusi hakukuwa na kicheko. Kila siku alizungumza. Alinishika mkono, akanitazama machoni, akarudia maneno yaleyale kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtu mzito wa kuelewa. Nilikamata "mvua". Nilikamata "mtoto". Mtoto gani? Mimi? Baba yangu? Mtoto mwingine ambaye hatukuwahi kuambiwa? Katikati ya maneno hayo mawili palikuwa na jambo zima, na mimi sikuwa na hata neno moja la kuliingilia. Nilipomuuliza kwa maneno ya shambani, alifumba macho kwa uchovu.

Nikampigia binamu yangu wa Kondoa, nikaweka simu karibu na mdomo wa bibi.

"Shikamoo bibi!" alipaza sauti. Akasikiliza. Kisha akaniambia, "Kaka, nisamehe. Mimi najua matusi tu."

Akaahidi kwamba kesho yake angekwenda kijijini kumtafuta mzee anayekisikia Kisandawe vizuri. Alikwenda kweli. Alipopiga akiwa na mzee huyo pembeni yake, bibi alikuwa bado anapumua, lakini hakusema tena. Mzee aliita kwenye simu kwa Kisandawe, taratibu, kwa heshima, mara nyingi. Bibi aligeuza kichwa kuelekea sauti ile. Akafa kabla jua halijazama.

Leo shamba lile ni viwanja vilivyopimwa. Dungu silioni tena popote nipitapo, na ndege wa uwele wanapuliziwa dawa na ndege ya chuma. Nikitembelea Chemba nasalimiwa kwa Kiswahili kizuri, na watoto wa huko wananishangaa nikitaja majina ya ndege.

Siku tulipoanua matanga, shangazi yangu mkubwa alisimama mbele ya ukoo. "Baba," akaniambia, "wewe ndiye uliyekuwa naye. Mama ameacha usia gani?"

Nikasimama. Nikasema bibi alizungumza nami kila siku mpaka ile ya mwisho kasoro moja, na kwamba sikumwelewa.

Wote walinisubiri niendelee.