Tela la Jeshi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri

Sababu ya safari yangu ilikuwa miguu ya mama. Ilianza kuvimba mwaka niliorudi kutoka vitani, na kufikia kiangazi hiki ninachokisimulia alikuwa hawezi kufika hata kisimani. Kisha ikaja habari kutoka Nduguti kwamba dada yake, yaani mama yangu mkubwa, amepofuka macho yote mawili, na anaomba jambo moja tu: amshike mdogo wake uso kabla mmoja wao hajatangulia.

Kutoka kwetu Kinyangiri hadi Nduguti si mbali kwa mwenye miguu. Nikamwambia mama tutambeba kwa machela. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Machela ni ya mgonjwa na maiti," akasema. "Mimi siumwi. Nitakwenda nimekaa, kama mtu."

Baiskeli aliikataa kabla sijamaliza kuitaja. Ndipo msafiri mmoja aliyetoka Manyoni akatuambia kwamba jeshi linauza matela yake ya vita karibu na stesheni. Nilichangamka sana. Mimi nilikuwa dereva wa lori la jeshi, na tela lilinifuata nyuma kwenye matope ya Burma miezi mingi. Gari la kulivuta sikuwa nalo, ila nilikuwa na maksai mmoja, Kapteni, na shemeji yangu Kitundu alikuwa na wa kwake, Mweupe. Wawili hao walizoea kulima pamoja. Nikatangazia kijiji kizima kwamba mvua hazitafika kabla mama hajapanda gari. Hii tabia ya kutangaza mambo kabla hayajawa ninaijua, na mpaka leo sijaiacha.

Asubuhi ya kuondoka mama aliniita kando. "Uliza lilibeba nini huko vitani. Kama lilibeba maiti, liache huko huko."

Njia ya kwenda Manyoni tuliikanyaga kwa siku nane, tukiwaswaga maksai mbele yetu. Reli iliyokuwa ikifika kwetu ilikwisha kung'olewa, kwa hiyo tulifuata barabara ya malori. Kitundu ni mtu wa maneno machache, nami ninayo ya kututosha wote wawili, basi hatukuchoshana.

Manyoni tulikuta matela yamepangwa uani, yote rangi ya majani makavu, yote na namba nyeupe ubavuni. Nilimuuliza karani kila moja lilibeba nini. Alicheka, akasema chuma hakina kumbukumbu. Nikaanza kuingia moja baada ya jingine na kunusa. Katika la tano, kwenye ufa wa mbao za sakafuni, nilichomoa kwa kisu maganda makavu ya vitunguu, mengi tu. Hilo lilikuwa la jikoni! Nililipa papo hapo, na maganda nikayafunga kwenye leso.

Jioni hiyo hiyo tulilisukuma hadi kwa fundi Chidumizi, mzee wa Kigogo aliyefua vyuma jirani na stesheni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeniletea kifaru?"

Alilizunguka tela, akapiga teke pete nene ya chuma iliyokuwa mbele. "Hili limetengenezwa lifungwe nyuma ya gari. Shingo yake fupi. Mkilifunga hivi litawagonga ng'ombe visigino mpaka wawatoroke."

Siku mbili alifanya kazi. Aliitoa ile pete, akatia mahali pake mti mrefu wa mninga, akaubana kwa bolti nne. Breki ya mkono aliipaka mafuta na kuiacha kama ilivyokuwa. Alipouliza habari za nira nikamwambia tunayo, tumekuja nayo.

Kitundu akakohoa. "Nira yetu ni ya plau."

"Nira ni nira," nikamjibu, tukaondoka.

Siku ya kwanza kutoka Manyoni tulikwenda vizuri, ila tela lilipenda kujivuta upande wa kulia. Siku ya pili lilizidi. Nilikagua upepo wa tairi, nikakaza bolti, nikamsema Kitundu kwa kushika kamba vibaya. Siku ya tatu, karibu na Isuna, tulifika mahali barabara imeinuka juu ya mtaro wa maji. Gurudumu la kulia likateleza pembeni, na tela likalala ubavu mtaroni. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mvua zikinyesha, korongo la njia ya Nduguti hufurika, na mama angesubiri mpaka kiangazi kingine. Mama mkubwa je, angesubiri? Nilikaa chini nikaona aibu na hofu kwa pamoja.

Mwanamke mmoja alitoka shambani, jembe begani, akatusaidia kulinyanyua. Aliitwa Mama Ntandu, Mnyaturu, na mumewe alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo plau la nyumbani alilishika yeye mwenyewe. Badala ya kutazama tela, alirudi nyuma hatua nyingi akifuata alama za kwato.

"Huyu wa kulia, mnapolima anatembea wapi?"

"Ndani ya mtaro wa plau," Kitundu akasema.

"Basi hata hapa anautafuta mtaro wake. Tazameni. Malori yamechimba mitaro miwili barabarani, naye ameingia katika ule wa kulia. Mwenzake yuko katikati, kwenye tuta. Tela linawafuata, gurudumu lake linatoka nje ya njia."

Nikajikuza. "Mama, mimi nimeendesha matela Burma."

"Ng'ombe wako hawakwenda Burma."

Kitundu alicheka mpaka akashika mti wa tela. Mama Ntandu alituonyesha boriti aliyoiweka kwa ajili ya nyumba mpya, tukaichonga nira ndefu, ndefu kiasi cha upana wa lori. Tulipowafunga, Kapteni aliingia mtaro wake wa kulia, Mweupe akaingia wa kwake, na magurudumu yakawafuata humo humo. Kama shukrani tulimsombea kuni za kumfikisha mwisho wa masika, na hiyo ndiyo ikawa kazi ya kwanza ya tela nje ya jeshi.

Kinyangiri tuliingia mchana, watu wakatoka nje kutazama. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Nilimpa leso. Aliyaponda maganda kwa vidole, akanusa, akafikiri.

"Walikuwa wanapika vizuri," akasema. "Leteni kigoda changu."

Kesho yake alfajiri tulikwenda Nduguti. Mama alikaa wima juu ya kigoda, kanga mpya begani, akiwasalimia watu ambao hata hawakuwa wameangalia upande wetu. Kwenye korongo nilishika breki mwenyewe. Mchanga ulikuwa bado mkavu.

Tulipofika, mama mkubwa alitolewa nje akiongozwa mkono. Alipapasa gurudumu, akapapasa mbao, akafika kwenye goti la mama, akapanda juu kwa vidole mpaka usoni. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akasema, "Mbona umezeeka hivi?" Wote wawili wakaanza kucheka huku wakilia, nami nikajifanya nafungua nira.

Siku ya kurudi nilimwekea mama kigoda chake. Akakirudisha kivulini mwa nyumba ya dada yake.

"Mimi nabaki. Njoo unichukue mvua zikiisha."

"Mama, nimelifuata hili gari mpaka Manyoni!"

"Ndiyo maana nabaki. Zamani ningeogopa nitarudije."

Tukarudi Kinyangiri na tela tupu, mbao zikigongana njia nzima. Watu wamezoea kuniuliza siku hizi jinsi ya kufunga tela kwa ng'ombe, nami huwaambia wasianze na tela, waende shambani kwanza wakaone kila ng'ombe anatembea wapi. Huwa siwaambii nilijifunzia wapi. Kitundu huwaambia.