Mlezi wa Mwaka wa Pili

Wanafunzi walimwita Mama Taratibu, kwa sababu hakuwahi kumharakisha mtu. Alifundisha takwimu chuoni, na mbali na vipindi alikuwa mlezi wa kundi la wanafunzi wa mwaka wa pili: awasaidie masomo, na awasikilize mambo yanapowafika shingoni. Kwenye mafunzo ya ushauri aliambiwa asikimbilie kutoa jibu. Kwa mwalimu wa hesabu hilo lilikuwa zito, lakini alilizoea.

Muhula mmoja alikuja kijana mrefu, mcheshi wa darasa, ambaye ghafla alikuwa anafeli kila jaribio. Alikaa akatazama viatu vyake.

"Mwalimu, nisome nini ili nifaulu?"

"Tutafika huko. Unalala?"

Kijana akatikisa kichwa kukataa. Mama Taratibu akasubiri. Mwishowe likamtoka: baba yake alifariki wakati wa likizo, na aliporudi hosteli hakumwambia mtu.

"Nikiwaambia, nani atawachekesha?"

Alimwacha alie, akamsogezea maji. Kisha wakashuka pamoja ngazi hadi kwa mshauri wa chuo, akamngoja nje. Tangu hapo, kila wiki walirudia somo moja la takwimu, polepole, mpaka kijana akashika. Baada ya mitihani alikuja kuaga.

"Niko sawa sasa, mwalimu. Sitakusumbua tena."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema. Mlango ulipofungwa, alikaa akisikiliza vicheko vya wanafunzi vikimpokea kijana kule koridoni.

Nyumbani aliishi peke yake tangu mwanawe wa pekee ahamie nchi nyingine kikazi. Jioni ile akampigia.

"Unajisikiaje siku hizi, mwanangu?"

"Mama, usiniletee mambo ya ofisini. Niko poa."

"Basi mimi siko poa. Nyumba hii imenishinda."

"Tangu lini, mama?"

Hakukumbuka ni lini mtu alimuuliza swali kama hilo akasubiri jibu. Akaanza kueleza, lakini huko kazini mwanawe akaitwa.

"Nitakupigia Jumapili."

"Haya, baba."

Jumapili alipiga kweli. Waliongea zaidi kuhusu bomba la jikoni linalovuja, na kidogo tu kuhusu upweke wake. Siku nyingine za wiki nyumba ilibaki vilevile, naye akaanza kuchelewa kutoka ofisini, mlango ameuacha wazi.